MJADALA: Marekani imefuta mipaka ya kuchimba mafuta Alaska. Ni sawa?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Mwishoni mwa 2025 Bunge la Marekani lilipitisha maazimio, Trump akayatia saini, ya kufuta mipango ya enzi za Biden iliyobana uchimbaji wa mafuta kwenye ardhi ya umma kaskazini kabisa mwa Alaska. Moja linahusu NPR-A, ardhi ya akiba ya mafuta ya taifa yenye ekari milioni 23. Hifadhi ya Serengeti inaingia humo mara sita na nafasi inabaki. Mpango wa 2022 ulifunga karibu nusu yake. Jingine ni la tambarare ya pwani ndani ya hifadhi ya wanyama ya ANWR, ekari milioni 1.5 hivi.

Msimamo wangu: sina ugomvi na mafuta. NPR-A ilitengwa na Rais Harding mwaka 1923 ili jeshi la majini lisikose mafuta, kwa hiyo kushangaa visima humo ni kumshangaa mvuvi kwa kushika nyavu. Ninachokipinga ni panga walilotumia. Ipo sheria ya 1996 inayoliruhusu Bunge kufuta kanuni za wizara kwa wingi wa kawaida wa kura, bila kile kizingiti cha kura 60 kati ya 100 ambacho miswada mingi hukutana nacho Seneti. Kanuni ikishakatwa hivyo, wizara hairuhusiwi kuleta nyingine inayofanana nayo sana mpaka itungwe sheria mpya. Kabla ya 2025 panga hilo halikuwahi kushushwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Na mpango wa namna hiyo una mengi ndani: ndege wa Ziwa Teshekpuk lililomo NPR-A, mapito ya wanyama, bomba lipite wapi, barabara za barafu zijengwe lini. Vyote vimekwenda kwa kura moja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mbona hujawataja wenyeji? Kaktovik ndicho kijiji pekee ndani ya mipaka ya ANWR, watu hawafiki 300, Wainupiati, wenyeji wa asili wa pwani ile. Wazee wa pale walijisaidia kwenye ndoo, kisha mtu anaibeba kwenda kuimwaga nje, kwenye giza na barafu. Maji ya bomba na vyoo vya kuvuta vimekuja kwa kodi ya mafuta ya Prudhoe Bay, machimbo makubwa ya mafuta ya kaskazini mwa Alaska. Shule hivyo hivyo, zahanati hivyo hivyo. Viongozi wao wanataka kuchimba. Huyo wa New York anayelia na wanyama amewahi kubeba hiyo ndoo?

Mleta mada:
Hoja ya ndoo naipokea, tena imenikaa. Ila kusini ya milima ya Brooks wako Wagwich'in, wenyeji wengine wa asili, na wao kodi ya Prudhoe haiwafikii. Chakula chao ni caribou, wale kulungu wa nchi za baridi. Kundi la Porcupine, lililohesabiwa kuwa zaidi ya 200,000 mwaka 2017, huzalia kwenye tambarare ile ile kila mwanzo wa Juni, kwa sababu majani ndiyo yanachipua na upepo wa bahari unawapunguzia mbu. Tangu 1988 Wagwich'in wanapinga visima pale. Sasa mwenyeji ni yupi, anayekaa juu ya mafuta au anayekula mnyama anayezaliwa juu yake? Na hata Wainupiati hawasemi kwa sauti moja: mradi wa mafuta wa Willow, ulio ndani ya NPR-A, ulipoidhinishwa 2023, Nuiqsut, kijiji cha jirani kabisa, viongozi wake waligawanyika.

Mchangiaji wa pili (Tanga):
Mnagombania fupa lisilo na nyama. Mnada wa vitalu vya mafuta vya ANWR wa Januari 2021 haukufikisha hata dola milioni 15, na vitalu vingi vilichukuliwa na shirika la serikali ya Alaska yenyewe. Mnada wa pili, Januari 2025, hakujitokeza hata mnunuzi mmoja. Wenye kampuni wanajua kupiga hesabu.

Halafu sisi tusijifanye mahakimu. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na baadhi ya visima vyake vimo ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Nyani haoni kundule.

Mleta mada:
Umenishika hapo kwa Murchison. Kuhusu mnada, wanaotaka kuchimba wanakujibu hivi: 2025 zilitolewa ekari 400,000 tu, kiwango cha chini kabisa cha sheria, nani ataleta mitambo kwa masharti yale? Ndiyo maana sheria ya bajeti ya Julai 2025 imelazimisha minada mingine minne ndani ya miaka kumi.

Lakini swali langu mmelikwepa wote. Wizara ikiandika mpango mpya kesho, ikaacha eneo lile lile la kutochimba kando ya Teshekpuk ila ikabadilisha mengine yote, umefanana na uliofutwa au haujafanana? Mwanasheria yeyote humu?