Midahalo ya wazi isiyo na YATOKANAYO: nimechoka kuhesabiwa kichwa

Wakuu,

Nimetoka huko juzi na hasira haijashuka, kwa hiyo mnivumilie. Uzi ni mrefu. Wavivu wa kusoma wapite kimya kimya.

Hii ni mara ya sita nahudhuria mdahalo wa wazi wa aina ile ile: utamaduni, teknolojia na maisha ya raia mjini. Waandaaji siwataji. Mnaofahamu mambo haya mnajua kuwa hata ningewataja, kesho wangekuja wengine na bango lile lile, rangi tu tofauti.

Tulialikwa saa tatu kamili asubuhi. Tuliofika saa tatu tukakaa mpaka saa nne na nusu kumsubiri mgeni rasmi. Sawa, hilo tumeshalizoea, halinisumbui tena. Kilichoanza kunikera ni mlangoni, kwenye karatasi ya mahudhurio. Jina, jinsia, umri, simu, taasisi, sahihi. Nikamwambia dada wa mapokezi sina taasisi, nimekuja mwenyewe. Akanitazama kama vile nimekosea mlango, kisha akasema, "Andika tu Mwananchi." Basi nikaandika: Taasisi, Mwananchi. Likumbukeni hilo neno, nitalirudia.

Meza kuu walikaa watano. Mdahalo, kwa Kiswahili ninachokijua mimi, ni watu kubishana kwa hoja. Hawa kwa saa mbili nzima hawakubishana hata mara moja. Kila mmoja alianza na "kama alivyosema mwenzangu". Maneno "mfumo ikolojia wa ubunifu" niliyahesabu, kwa kukosa cha kufanya, yakafika 19. Neno "kamera" halikutamkwa, na mji mzima umejaa kamera.

Zikabaki dakika kumi na mbili ukumbi urudishwe. Ndipo MC akasimama na tabasamu: "Sasa ni zamu yenu wananchi, tuna nafasi ya maswali matatu, na tafadhali yawe mafupi."

Sasa sikilizeni hii. Walikuwa na programu ya kisasa kabisa. Unaskani msimbo kwa simu, unaandika swali, watu wengine wanalipigia kura, lenye kura nyingi linapanda juu. Nikasema leo ndiyo leo. Niliandika: "Picha za kamera zilizofungwa kwenye makutano ya barabara zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzitazama?" Likapata kura 47. La pili yake lilikuwa na kura 9. Na kwa bahati mbaya yao, kompyuta ya MC ilikuwa imeunganishwa na skrini kubwa, kwa hiyo ukumbi wote tulikiona kile kishale cha kipanya. Kikafika kwenye swali langu. Kikasimama. Kikashuka. Kikapita la pili, la tatu, kikaenda kutua chini kabisa kwenye swali lenye kura 2: vijana wanawezaje kuchangamkia fursa za kidijitali? Hilo likajibiwa kwa dakika nane.

Watu wakaguna. Mguno wa ukumbi hautakuwamo kwenye ripoti, nawaapia.

Zikabaki dakika chache, maiki akapewa mzee mmoja, mwanamuziki. Bendi yao ilifanya mazoezi miaka mingi kwenye ukumbi wa zamani ambao sasa umegeuzwa kituo cha ubunifu, milango ya vioo, kuingia mpaka alama ya kidole. Mzee hakutukana mtu. Aliuliza swali moja tu: "Sisi tuliokuwa tunafanyia mazoezi mle, sasa tukafanyie wapi?" MC akamjibu: "Tunakushukuru sana mzee wetu kwa mchango wako mzuri."

Mchango! Mzee ameuliza swali, na lina alama ya kuuliza mwishoni. Lakini swali linadai jibu, mchango unadai shukrani tu. Kwa hiyo maswali ya wananchi yote hubatizwa michango. Mzee akabaki amesimama na maiki mkononi kama sekunde kumi hivi, anasubiri, mpaka kijana wa maiki akaja kuichukua taratibu.

Kisha tukagawiwa vile vikaratasi vya kunata, njano, kijani na waridi, tuandike "ndoto zetu kwa mji" tubandike ukutani. Tukapigwa picha mbele ya ukuta. Nilisahau chaja, nikarudi baada ya nusu saa. Nilimkuta mama wa usafi anabandua ndoto zetu na kuzitia kwenye mfuko wa takataka. Akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna cha kwangu nakitaka. Yule mama ndiye mtu pekee siku nzima aliyeniuliza nataka nini na akasubiri jibu.

Mtasema nimelipuka kwa siku moja mbaya. Hapana. Mdahalo wa tano, ule wa kabla ya huu, ripoti yake ilitoka miezi saba baadaye. Kurasa 38, picha 21. Ukurasa wa pili unasema wadau 214 "kutoka makundi mbalimbali" walishirikishwa kikamilifu. Makundi yenyewe yameorodheshwa. La mwisho kwenye orodha: Mwananchi. Nikajiona. Jina langu, sahihi yangu na zile saa nne zangu za kukaa kwenye kiti cha plastiki vimegeuka ushahidi kwamba niliulizwa. Swali langu la kamera, ambalo hata mara ile niliuliza, halimo. Kamera zilishafungwa tayari.

Kuna kitu kimoja ambacho kila kikao cha Kiswahili kinacho, hata kile cha kikundi cha watu kumi na wawili wa kuweka akiba. Kufungua kikao, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, halafu YATOKANAYO. Katibu anasimama: mara ya mwisho tulikubaliana fulani afuatilie hili, je, amefuatilia? Fulani anajibu mbele ya watu, hata kama jibu lake ni aibu. Kikundi cha watu kumi na wawili chenye daftari la mistari kinaweza. Hawa wenye projekta, skrini na programu ya kupigia maswali kura hawawezi. Midahalo sita nimekaa, sijawahi kuisikia ajenda hiyo. Kila mdahalo ni wa kwanza, kila mwaka tunaanza upya kuota.

Na msiseme haya ni mambo ya kufikirika. Porto Alegre kule Brazili, walipoanzisha bajeti shirikishi mwaka 1989, yaani wakazi kuamua pamoja na serikali fedha za mji zitumike wapi, mikutano ya awali ya kila mwaka ilikuwa na kazi hiyo hiyo: serikali ya mji inasimama mbele ya wakazi wa mitaa na kueleza lipi la mwaka jana limefanyika na lipi limekwama. Ndipo mnaendelea na vipaumbele vipya. Hayo ni yatokanayo, Kireno tu ndicho kinatofautiana. Huko nako baadaye nguvu ya mpango ilipungua wanasiasa walipobadilika, sitaki kuwapamba. Lakini kwa miaka mingi mtu wa mtaa alijua ni lini atamwona mkubwa uso kwa uso na kumwuliza kuhusu mtaro ulioahidiwa.

Barcelona wao walikwenda kwenye mtandao. Mwaka 2016 waliwaita wakazi kuchangia mpango wa mji kupitia jukwaa linaloitwa Decidim, maana yake kwa Kikatalani "tunaamua". Mapendekezo yalipita 10,000. Kinachonivutia mimi si wingi. Ni kwamba pendekezo lako lina ukurasa wake, na hapo linaandikwa limekubaliwa au limekataliwa, na sababu. Likikubaliwa, unaweza kufuatilia utekelezaji wake. Kukataliwa nakubali mimi! Mtu akiniambia "hapana, kwa sababu hizi" naenda kulala. Ninachokataa ni kushukuriwa. Na mfumo wenyewe ni programu huria, mji wowote unaruhusiwa kuuchukua bure. Kwa hiyo kisingizio cha teknolojia hatuna. Teknolojia wanayo, wameitumia kuficha swali lenye kura 47 mbele ya macho ya watu.

Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, aliandika makala akaufananisha ushirikishwaji wa raia na ngazi ya vidaraja nane. Cha chini kabisa ni ghiliba: unakalishwa kwenye kamati ili upige muhuri. Cha juu kabisa raia wenyewe wanashika usukani. Kuulizwa maoni ni cha nne tu, na alisema wazi kwamba kuulizwa bila uhakika wa kusikilizwa ni danganya toto. Katika makala hiyo aliweka bango la wanafunzi wa Ufaransa la mwaka 1968. Bango lenyewe ni mnyambuliko wa kitenzi kama tulivyokuwa tunakariri shuleni: mimi nashiriki, wewe unashiriki, yeye anashiriki, sisi tunashiriki, ninyi mnashiriki, wao wanafaidi. Miaka zaidi ya hamsini. Somo bado tuko nafsi ya kwanza wingi.

Kuna jamaa nilitoka naye ukumbini akanipa hoja ambayo najua na humu itakuja: "Mkuu, ukigoma kuhudhuria utakuwa umewaachia uwanja." Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu ndilo limenirudisha mara sita. Ila kuna watu walijua wakati wa kuondoka. Toronto, Kanada, kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu ya Google, ilipewa mwaka 2017 kupanga eneo la ufukweni liwe mtaa wa kisasa wenye vihisi, yaani vifaa vya kunasa taarifa, kila kona. Mikutano na wananchi ilifanyika mingi tu. Mshauri wao wa faragha alikuwa Ann Cavoukian, mama aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario. Oktoba 2018 akajiuzulu, kwa sababu iligundulika kwamba makampuni mengine yatakayokusanya taarifa pale yasingelazimishwa kufuta utambulisho wa watu papo hapo. Alikuwa jina kubwa kwenye mradi, na hakukubali jina lake liendelee kutumika. Mwaka 2019 kampuni ikatoa mpango wa kurasa zaidi ya 1,500. Hebu msome, wananchi, mtoe maoni! Mei 2020 wakajitoa, wakasema ni hali ya uchumi. Wakazi waliokuwa wakiwapinga miaka yote ile walikuwa na maelezo yao.

Na kwa wale wanaosema tuwe wapole, kuna kisa cha Jane Jacobs, mwandishi na mwanaharakati wa mambo ya miji, New York, Aprili 1968. Barabara kuu ilikuwa ipitishwe katikati ya Manhattan ya kusini na kubomoa nyumba za watu. Kikaitishwa kikao cha kusikiliza wananchi. Yeye akaona kikao kile kinatafutiwa kumbukumbu tu, ili kesho iandikwe kwamba watu walisikilizwa. Akawaongoza watu kupanda jukwaani, katika vurugu ile karatasi za mwandishi wa kumbukumbu za kikao zikatapakaa sakafuni, Jacobs akatangaza: hakuna kumbukumbu, hakuna kikao. Alikamatwa. Barabara haikujengwa.

Sisemi tukachane karatasi ya mahudhurio. (Juzi niliitazama mara mbili, nakiri.) Lakini Jacobs alielewa kitu ambacho mimi nimekielewa mdahalo wa sita: wanachokihitaji kutoka kwako ni ile sahihi, si maneno yako. Maneno yanabanduliwa ukutani baada ya nusu saa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Safu ya sahihi naiacha wazi mpaka nisomewe muhtasari wa mara iliyopita. Nikiambiwa bila sahihi siingii, nageuza, naandika hapa tarehe na saa niliyozuiwa. Na maswali yenye kura nyingi yajibiwe kwanza, hata kama jibu ni "hatujui, tutawaletea tarehe fulani". Na yule mzee ajibiwe. Akafanyie wapi?

Wenye uzoefu tofauti leteni, hasa kama kuna aliyewahi kujibiwa. Nataka kujua ilikuwaje.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ananiambia nina chuki binafsi na waandaaji. Mkuu, hata siwajui kwa majina, na wao wananijua kwa jina la Mwananchi.

NYONGEZA 2: Hamtaamini. Leo asubuhi nimetumiwa mwaliko wa mdahalo wa saba. Fomu ya mtandaoni ina swali la lazima: "Unatarajia nini kutoka kwenye mdahalo huu?" Nikajaza neno moja, YATOKANAYO. Fomu ikakataa, ikaniandikia kwa rangi nyekundu kwamba jibu liwe na angalau herufi 50. Nikabandika swali langu la kamera, zima kama lilivyo. Likapita. Dirisha likafunguka: "Asante kwa mchango wako."