Huyu Jeevanjee wa gadeni ya tao alikuwa nani hasa?

kijana_wa_tao: Wadau salaam. Lanchi mimi hukaa kwa benchi pale gadeni ya Jeevanjee, tao Nairobi, wahubiri upande huu, watu wa siasa upande ule wanabishana mpaka jasho, lakini ukiwauliza mwenye jina alikuwa nani hakuna mwenye jibu. Wengine ati mfanyabiashara, wengine ati mheshimiwa. Ni gani ya ukweli, na tajiri kama huyo alitafuta nini kwa siasa?

mzee_wa_ngara: Zote mbili kijana wangu. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi 1856, na reli ilipoanza kujengwa Mombasa 1896 yeye ndiye alipata kontrakti ya kuleta vibarua kutoka India na kuwaletea chakula, hapo ndipo pesa iliingia. Reli ikafika Nairobi 1899 naye yuko nyuma yake, anajengea serikali maofisi, anajenga soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa, akaliuza 1905, na ndilo hilohilo Standard unaliona kwa wauza magazeti leo. Sasa fikiria, mtu umejengea serikali ofisi halafu unaambiwa shamba huko nyanda za juu hupati, ni za Wazungu peke yao. Ungenyamaza? Akateuliwa LegCo, lile baraza la kutunga sheria la wakoloni, wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. 1914 akaongoza East African Indian National Congress, chama cha kutetea Wahindi wa Afrika Mashariki.

dada_wa_historia: Sawa mzee, lakini tusimpake mafuta. 1910 akiwa London aliambia gazeti moja hii nchi iunganishwe na India! Mwenye ardhi hakuulizwa. Na sisi Waafrika tulingoja mpaka 1944 ndio Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza, akaingia hiyo LegCo. Ubaguzi aliupinga na hiyo heshima nampa, ila alikuwa anapigania watu wake.

mzee_wa_ngara: Hapo sikupingi binti yangu, hayo maneno aliyasema na yanauma mpaka leo. Lakini hiyo gadeni aliitoa 1906 kwa watu wa mji, mali yake mwenyewe, na 1991 kulipotoka mpango wa kujenga juu yake ni mjukuu wake Zarina Patel aliyesimama kidete mpaka ukaachwa.

kijana_wa_tao: Asanteni sana wote wawili. Hiyo ya 1991 sikuwa nimewahi kuisikia, kesho lanchi nawapelekea hao wa siasa.