Naomba ushauri: sayansi ya mazingira, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam?

Habari zenu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), na nataka kusoma sayansi ya mazingira. Kwetu ni Rufiji, kwenye delta yenye mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani ya Tanzania. Nimekua nikiona mikoko ikikatwa kupisha mashamba ya mpunga, na hilo ndilo linalonisukuma. Sitaki kukaa darasani miaka 3 halafu nitoke sijui hata kupima chumvi kwenye maji.

SUA inanivutia kwa sababu milima ya Uluguru iko pale pale, tena wana msitu wa mafunzo Olmotonyi, Arusha, na mwingine Mazumbai kule Usambara. Lakini moyo wangu uko baharini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar.

Mliosoma huko, nielezeni: mwanafunzi wa shahada ya kwanza anafika kweli maeneo hayo, au ni ya watafiti na wa uzamili tu? Nafasi za mafunzo kwa vitendo mlitafutiwa au kila mtu alijitafutia? Na hela ya Bodi ya Mikopo ilitosha nauli, chakula na chumba? Baba ni mvuvi, kwa hiyo hapo ndipo panaponiumiza kichwa zaidi.

Kama yupo aliyefanya mafunzo NEMC (baraza la taifa la mazingira), au TFS (wakala wa misitu) upande wa mikoko, nitashukuru sana akinielekeza barua ya maombi inavyoandikwa.