MRI ya tezi dume kabla ya kuchukua kinyama: gadoliniamu bado ni lazima?

Mleta mada: PSA ya mgonjwa (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda, anapelekwa MRI ili tujue sindano ya kuchukua kinyama (biopsi) ielekezwe wapi. Kuna haja gani ya kumchoma dawa ya kung'arisha picha, yenye madini ya gadoliniamu? Utafiti wa PRIME, uliotoka 2025, ulisoma picha za wanaume walewale bila dawa, kisha na dawa: saratani inayohitaji tiba ilipatikana kwa takriban asilimia 29 pande zote mbili. Bila dawa unamaliza kwa dakika kama 15. Ukiweka dawa, muda unakaribia mara mbili, na bado kuna kanula (mrija wa kwenye mshipa) na kumwangalia mgonjwa asipate mzio. Anayejilipia mwenyewe anaumia bure.

Radiolojia: Nakubali nusu, ndugu yangu. Vituo vya PRIME vilihakikiwa ubora wa picha kwanza. Ukiondoa dawa unabaki na T2 (picha za umbo la tezi) na difusheni (picha za jinsi maji yanavyosogea ndani ya nyama), na ukanda wa nje wa tezi unaamuliwa na difusheni. Gesi ikijaa kwenye njia ya haja kubwa, mpaka wa hewa na nyama unavuruga sumaku, na upande wa nyuma wa tezi, ambako saratani nyingi huanzia, unavutika na kupinda. Nyonga ya chuma inaharibu zaidi. Hapo dawa inaokoa, kwa sababu uvimbe unang'aa mapema kuliko nyama iliyo jirani.

Daktari wa mkojo: Gesi haitibiwi kwa gadoliniamu, Daktari. Mgonjwa aende haja kwanza. Gesi ikibaki, mrija mwembamba unaitoa, difusheni inarudiwa. Na kwa PI-RADS 2.1, mwongozo wa kutoa alama 1 hadi 5 za uwezekano wa saratani, difusheni ikiwa nzuri dawa ina kazi moja tu: kupandisha alama 3 ya ukanda wa nje iwe 4. Ukanda wa ndani haihesabiwi kabisa. Mwenye 3 ambaye PSA yake ni kubwa kulinganisha na ujazo wa tezi anachukuliwa kinyama hata hivyo.

Mpiga picha wa MRI: Wapo ambao dawa haikwepeki, kama aliyekwisha tibiwa kwa mionzi na PSA inapanda tena. Kiwango cha dawa ni milimoli 0.1 kwa kilo. Mtu wa kilo 70: dawa aina ya gadoterati mililita 14, gadobutroli mililita 7, maana hii imekolezwa maradufu. Gadoterati ikibadilishwa kwa gadobutroli na hesabu ikabaki ileile, mgonjwa anapata dozi mbili! Zote ni za muundo wa pete, unaoibana gadoliniamu. Za muundo wa mnyororo huiachia kwa wepesi, na Ulaya ilisimamisha kadhaa 2017.

Mleta mada: Basi kanula isiwekwe mapema. Difusheni isomwe mgonjwa akiwa bado mezani. Ikiwa mbovu itolewe gesi, irudiwe. Ikigoma, ndipo achomwe.

Radiolojia: Isomwe na nani? Vituo vingi msomaji anaziona picha kesho yake, mgonjwa keshapanda basi. Kama hakuna wa kuikagua palepale, mimi nabaki na dawa.