Sweta la sufu limesinyaa kwenye mashine, linarudi?

FundiIlala: Wakuu, mteja kaleta sweta la mtumba, lebo imekatwa. Lilifuliwa kwa mashine, maji ya moto na sabuni ya unga. Limetoka dogo, nene, hata vitanzi vya kufuma havionekani. Mashati ya pamba yaliyofuliwa nalo yako salama. Nini kimetokea, na kuna namna ya kuliokoa? Na nitajuaje kama ni sufu tupu?

Hadubini400: Hilo limeshikana, fundi. Chukua unyoya mmoja wa sufu, uweke kwenye tone la gliserini chini ya hadubini ya shule, ukuzaji wa mara 400. Utaona magamba yaliyopandana kama vigae, ncha zote zikielekea upande mmoja: kutoka mzizini kwenda nchani. Ndiyo maana unyoya huteleza ukivutwa huku na kukwama ukivutwa kule. Mashine ikiusukasuka, unasogea kwa kutanguliza mzizi tu, haurudi nyuma. Nyuzi zote zikifanya hivyo zinafungana.

Maji ya moto yanaulainisha ujipinde kirahisi, na alkali ya sabuni ya unga inauvimbisha na kuyainua magamba. Lakini mkosaji mkuu ni msukosuko. Lingelowekwa tu bila kuguswa, madhara yangekuwa madogo sana. Pamba haina magamba; kwenye hadubini ni utepe uliojisokota. Poliesta ni kijiti laini.

DobiSinza: Liloweke kwenye kondishena ya nywele nusu saa, kisha livute taratibu. Linarudi.

Hadubini400: Linarudi kidogo, mkuu, kama limeanza tu kushikana. Kondishena inalainisha juu ya magamba ili nyuzi ziteleze. Haifungui fundo lililokwisha kaza. Kwa jinsi fundi alivyoeleza, kama vitanzi havionekani, asimwahidi mteja chochote. Kitambaa hicho sasa unaweza kukikata bila kufumuka nyuzi, kwa hiyo kinafaa kofia au soli za ndani za viatu.

Kuhusu kupima: chomoa uzi kwenye mshono, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inazimika ukiitoa motoni, na majivu yake meusi yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu. Hariri nayo inanuka nywele, usije ukadanganyika. Kwa mchanganyiko, tia uzi kwenye jiki isiyochanganywa na maji, nusu saa. Sufu inayeyuka yote. Kitakachobaki si sufu, mfano pamba au poliesta.

DobiSinza: Kumbe ndiyo maana suti nyeupe zikitiwa jiki zinakuwa njano na kukatika!

Hadubini400: Ndiyo. Unyoya ni keratini, protini ya nywele na kucha, na minyororo yake imefungwa kwa salfa. Klorini inakata vifungo hivyo. Kuna vifungo vingine vyepesi vya haidrojeni: hivi vinaachia kwa mvuke na kushika tena nguo ikipoa. Ndiyo kazi ya pasi juu ya kitambaa kibichi: pinda, piga mvuke, kisha acha ipoe kabla hujaisogeza. Ukiinyanyua ingali moto, kipindo kinapotea.

Kwa kufua: maji yasiyozidi nyuzi joto 30, lita 5 kwa kijiko kimoja cha shampuu, dakika 10, bonyeza tu. Usikamue kwa kusokota, maana sufu ikilowa nguvu inapungua. Ikunje ndani ya taulo, kandamiza, kausha ikiwa imelazwa kivulini. Ukiitundika, uzito wa maji unairefusha.

FundiIlala: Na ya kuhifadhi kwa joto letu hili la Dar?

DobiSinza: Isafishe kwanza. Viwavi wa nondo wanapenda penye jasho na mafuta. Usiifungie kwenye nailoni ikiwa na unyevu. Sufu inaweza kubeba maji hadi karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukaishika ukadhani ni kavu. Anika kivulini saa kadhaa kwanza, kisha mfuko wa kitambaa wenye zipu.

FundiIlala: Uzi umeyeyuka wote kwenye jiki. Sufu tupu. Namwambia mteja achague kofia au soli.