Nilimsema shemeji yangu, sasa yamenikuta mimi. Nishaurini

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, matusi niwekeeni akiba.

Miaka mitatu iliyopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifunga biashara. Mimi wakati huo mambo yananyooka. Nikamwandikia mke wangu meseji: "Kaka yako tatizo lake uzembe. Pesa haikai kwa mtu anayelala mpaka saa nne."

Mwezi uliopita nimefunga ya kwangu. Kila anayeniuliza namweleza: wateja wamepungua, kodi imepanda, kuna mtu kanidhulumu mzigo. Na ni kweli tupu! Juzi usiku mke wangu akanisogezea simu yake bila kusema neno. Meseji ile ile, kaitunza miaka yote hiyo. Nimeishika mpaka kioo kikazima.

Sasa jana shemeji kapiga, anataka kuniazima mtaji. Hajui nilivyokuwa namsema. Nipokee nikae kimya, au nimwambie kwanza?

Mkongojo: Pokea, funga mdomo. Ukimwambia unajitua mzigo wewe, unamtwisha yeye.

Bintisafi: Mkongojo, nani kakwambia hajui? Anayedharauliwa hujua, hata kwenye salamu anaisikia. Halafu mtoa mada, umeruka jambo: kwa nini mkeo aliitunza? Kamuulize.

Mstaafu: Kijana, hili halikuanza na wewe. Mwanasaikolojia Lee Ross alilipatia jina mwaka 1977: mwenzetu akianguka tunaitazama tabia yake, yaliyomzunguka hatuyaoni. Tukianguka wenyewe, hayo yaliyotuzunguka ndiyo tunayoyataja kwanza. Hata ndani ya nyumba ni hivyo. Mwaka 1979 Michael Ross (majina yamegongana tu) na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, mume na mke kila mmoja kivyake, anabeba sehemu gani ya majukumu ya nyumbani. Ukijumlisha majibu ya wawili, mara nyingi yalipita asilimia 100. Si lazima mtu awe mwongo. Vyombo ulivyoosha mwenyewe unavikumbuka, alivyoosha mwenzio ulikuwa umelala.

Kichwangumu: Mzee, darasa limeeleweka, ila jamaa anauliza hela apokee au asipokee 😂

Mtoa mada: Nimerudi. Nimemuuliza. Kasema kipindi kile kaka yake alikuwa anakesha na mama yao mgonjwa, anarudi alfajiri, ndiyo maana saa nne alikuwa bado kitandani. Wakuu, habari ya mama nilikuwa naijua. Nilikwenda kumwona mara mbili. Sikuwahi kuviunganisha.

Mkongojo: Duh. Nafuta kauli.

Mtoa mada: Mtaji sijaugusa. Nimemwomba tuonane Jumapili, ila sijui naanzia wapi.

Bintisafi: Anza na kule kukesha kwake na mama. Muulize, halafu umwache aongee.