ATV (pikipiki ya magurudumu manne) iliyotumika, guta au pawatila kwa shamba la karafuu Pemba? Naomba ushauri

Mwana_wa_Konde
Assalaam alaikum wana jamvi. Nina shamba la mikarafuu la urithi upande wa Konde, eka nne na kidogo, na Pemba mnaijua, kilima na bonde, kilima na bonde. Mikarafuu mingi iko bondeni, barabara iko juu, na katikati kuna kijia cha udongo mwekundu ambacho mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Msimu uliopita magunia yote yalipanda kwa vichwa vya watu, na wabebaji wakala faida. Msimu ukiisha kuna ndizi, muhogo, mbolea na kuni.

Nina milioni nane, labda tisa nikimbembeleza kaka yangu aliye Maskati. Nimesikia Nungwi kule Unguja zinauzwa ATV zilizotumika kwa watalii. Kuna na mpya za Kichina za cc 250. Mwengine ananiambia guta la miguu mitatu, mwengine pawatila, kitrekta cha kushika kwa mikono. Nataka kitu cha miaka mitano, si cha kupigia picha.

FundiChake
Waalaikum salaam. ATV za kazi na za mchezo zinafanana kwa mbali tu. Ya mchezo inasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, kwa cheni iliyo wazi. Udongo wa Konde ukichanganyika na grisi ni msasa, cheni hiyo haimalizi masika mawili. Ya kazi inatumia shafti iliyofungwa, na kwenye tope unaweka miguu yote minne ivute.

Halafu tazama giaboksi. Honda TRX420 ya gia haina belti, ndiyo maana wakulima wa nchi nyingi wanaing'ang'ania. Yamaha Kodiak 450 ni ya belti, na CFMoto za Kichina pia. Belti ni raha, unabonyeza kwa kidole tu inakwenda, lakini maji yakiingia kwenye boksi lake inateleza, na ukipanda mlima na mzigo kwa pupa inaungua. Kuibadilisha si kazi kubwa. Kazi ni kuipata. Wete utazunguka duka kwa duka ukiulizwa "belti ya cherehani?"

Na jengine watu hawalisomi: keria. Hiyo TRX420 keria ya mbele ni kilo 30, ya nyuma 60. Yaani gunia moja. Mzigo wenyewe unavutwa na trela, mwisho wake kilo 385 pamoja na uzito wa trela, na hiyo ni kwenye njia ya sawasawa. Mlimani mimi ningekata nusu.

Mama_Micheweni
Mwanangu, mimi nina guta mwaka wa tatu, nabebea mwani. Siisemi vibaya. Pistoni, plagi, klachi, vyote unavipata kwa hawa vijana wa bodaboda, na fundi yeyote anaijua. Lakini mimi niko tambarare. Siku nilipoipeleka kwa shemegi yangu bondeni ilipinduka na mwani wote, na alhamdulillahi dereva aliruka.

FundiChake
Mama kasema kweli, na sababu iko wazi. Guta lina guu moja mbele, ukikata kona kwenye mteremko halina pa kuegemea. Kule Marekani kampuni ziliacha kuuza ATV za miguu mitatu mwaka 1988 kwa ajili ya ajali. Tena difu ya guta haina loki: tairi moja likiingia kwenye tope linazunguka peke yake, la pili linatazama.

Bonde_la_Mpunga
Mbona pawatila hamuitaji? Dizeli, silinda moja, inakunywa kidogo, inavuta trela, na msimu wa kulima unaikodisha. Yangu imekwisha kujilipa.

Mwana_wa_Konde
Ami, kwenye mteremko inakuwaje?

Bonde_la_Mpunga
Hapo ndipo pa kusema kweli. Pawatila inakatishwa kona kwa klachi za pembeni, ukibana ya kushoto inakwenda kushoto. Ukishuka mlima mambo yanageuka: gurudumu uliloliachia linakimbia kuliko jengine, kwa hiyo ukibana kushoto inakwenda kulia. Mgeni hajui, anabana zaidi, anaishia mtaroni. Nimemuona mtu mzima analia. Mlimani shuka kwa gia ndogo na uiache klachi, igeuze kwa nguvu ya mikono tu. Kwa kijia chako mimi sikuambii ununue.

Kijana_wa_Paje
Mimi nimeendesha hizo za watalii misimu miwili, kampuni siitaji. Kila saa dereva mpya, na wengi siku hiyo ndiyo ya kwanza maishani. Pwani tunapita mpaka majini kwa ajili ya picha, jioni zinamwagiwa maji ya bomba dakika mbili, basi. Chumvi inakula kwa ndani. Inamishe uchungulie fremu chini ya keria, gonga kwa bisibisi, ukisikia sauti ya kopo achana nayo. Nyanyua gurudumu ulitikise, likicheza beringi zimekufa. Fungua oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Na nyingi ni za mchezo, haya aliyoyasema fundi.

Mzee_wa_Ole
Mnazungumza mashine tu, hakuna aliyeuliza njia. Kijia kinachopanda mlima moja kwa moja hata ng'ombe wa gari anakikataa. Kizungushe ubavuni, uchimbe na mifereji ya maji. Kazi ya wiki mbili na majembe. Pili, karafuu mbichi kilo tatu zikikauka zinabaki kama moja. Kwa nini unapandisha maji mlimani? Chambua na uanike huko huko bondeni, upandishe kavu.

Mwana_wa_Konde
Mzee wangu, shikamoo. Hilo la njia nimelipokea, nimeona aibu sikulifikiria mwenyewe. La kuanika ni gumu: bondeni jua halifiki kabla ya saa nne, saa tisa limeshaondoka, na mvua ya ghafla majamvi yote yanalowa. Na wezi je? Nani alale huko? Lakini makonyo, vile vikonyo vya karafuu, naweza kuyachambulia chini, huo nao ni uzito.

Mzee_wa_Ole
Marahaba. Basi lala wewe.

Mama_Micheweni
😂😂

FundiChake
Na kuhusu ATV mpya ya cc 250 ya Kichina: zipo zinazodumu, ila uliza swali moja dukani, "nitolee plagi, kebo ya breki na beringi ya mbele sasa hivi." Akianza kusema zinakuja na boti, hata miaka mitano usiitaje. Mimi kwa pesa yako ningetafuta Honda kuukuu iliyofanya kazi shamba, hata cc 250 inayovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma, kuliko mpya inayong'ara. Na wenyewe Australia tangu Oktoba 2021 ATV mpya za kazi lazima ziwe na kinga ya kupinduka, maana wakulima walikuwa wanalaliwa nazo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea upinde wa bomba nyuma ya kiti, si sawa na ya kiwandani, lakini ni kitu. Usipakie mtu. Kiti kirefu kile ni cha dereva kusogea mlimani, si cha abiria.

Mwana_wa_Konde
Nimepata mtu Nungwi ana TRX420, ya shafti, anasema haijawahi kugusa maji ya bahari. Jumamosi naenda inshaallah.

Kijana_wa_Paje
Nungwi, na haijagusa bahari! Haya. Usimwambie saa utakayofika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha kukufichia tabu yake ya kuwaka ikiwa baridi.

Mwana_wa_Konde
Nimerudi. Ilikuwa ya moto. Na fremu ilisema kama kopo.

Bonde_la_Mpunga
Pole. Nauli imekula ngapi?

Mwana_wa_Konde
Usiniulize. Mzee wa Ole, ng'ombe wa gari aliyekwisha fundishwa ni kiasi gani siku hizi? Majembe nimeshakodi, njia tunaanza Jumatatu.